Wanakitafuta Kitovu

Majuzi ardhi ilitikisika kidogo hapa Dar, kiasi cha kugonganisha vikombe kabatini, na kabla vikombe havijatulia simu yangu ilikwishajaa. Kundi la familia, kundi la vikoba, kundi la wazazi wa shule, kila mtu anauliza mmesikia, nyie mmesikia? Binti yangu, ambaye hata kufagia lazima aambiwe mara tatu, alikwishafungua ukurasa wa wataalamu wa matetemeko, ramani imejaa vidoa, akaanza kunisomea kwa sauti: nguvu yake kadhaa, kina chake kadhaa, kitovu chake kiko baharini. Nikamwambia azime simu akaoshe vyombo. Alinitazama kwa mshangao, maana vyombo vilikuwa safi.

Sikuwa na hasira naye. Ni lile neno. Nyie wa rika langu, mliokua wakati habari ya nchi nzima inatoka kwenye redio moja ya mkulima yenye betri zinazoanikwa juani, pengine mtanielewa. Wengine mtacheka, na mcheke tu, maana hata mie kuna mahali huwa nacheka kabla sijafika penyewe.

Tulikaa Gongo la Mboto, upande wa ndani, enzi ambazo viwanja bado vina mikorosho na nyumba zinahesabika. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kikauzwa, watu wakapunguzwa, naye akaanza kuuza mitumba. Nyumba ilikuwa ya bibi, mama yake baba, Mzaramo wa huko huko Pugu, mtu asiyependa maneno mengi isipokuwa yake. Mama yangu alikuwa mtu wa Kimbiji, ng'ambo ya pantoni. Mimba yake ya kwanza, ambayo ndiyo mie, alikwenda kujifungulia kwao kama ilivyo desturi, na kwa hiyo kitovu changu kilizikwa Kimbiji.

Mnajua mambo ya kitovu. Kile kipande kikikauka kikadondoka hakitupwi ovyo, huzikwa, na kilipozikwa ndiko kwenu. Bibi alinitania kwa hilo tangu nina akili. Nikivunja sahani, mrudisheni huyu kwenye kitovu chake. Nikichelewa dukani, mwacheni, njia za huku hazijui, kitovu chake kiko Kimbiji. Ulikuwa utani wa bibi na mjukuu na watu walicheka, na mie nilicheka, halafu nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Niliamini kabisa kwamba mie katika nyumba ile ni mgeni, na ipo siku nitaambiwa nifungashe.

Nilipokuwa na miaka tisa mama akajifungua mtoto wa kiume, Shabani, baada ya miaka mingi ya watu kumuuliza kulikoni. Huyu alizaliwa hapohapo. Kitovu kilipodondoka bibi alikichukua mwenyewe, akakifunga kwenye kitambaa cheupe, akakizika nyuma ya jiko chini ya mche wa mnazi, na alipomaliza akapangusa mikono akasema sasa nyumba imepata mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale na kopo la maji ya kumwagilia. Wala hakusema kwa kunichoma. Lakini ilinichoma.

Nilimpenda Shabani, hilo nataka lieleweke. Alikuwa na kichwa kikubwa na harufu ya mafuta ya nazi, na nikimpa kidole alikishika asikiachie. Nilichokitaka ni tuwe sawa tu. Ijumaa moja baada ya arobaini yake, wanaume wako msikitini, bibi amelala, mama anamwogesha mtoto ndani, nikachukua kipande cha kuni nikaenda kuchimba. Udongo ulikuwa bado laini. Kitambaa kilikuwa kimeshabadilika rangi lakini kilinukia karafuu, na nilipokishika nikataka kukirudisha. Sikukirudisha. Nilitoka nacho nje ya wigo wa michongoma, nikakizika kwenye kiwanja cha jirani ambaye alikuwa hajajenga. Nilijiambia kwamba si mbali, ni hatua chache tu, ila na yeye sasa si wa hapa sana.

Jumapili yake ardhi ikatetemeka. Nilikuwa nafua uani. Maji ya kwenye beseni yalianza kujichora mviringo ndani ya mviringo, halafu mabati yakalia, kuku wakaruka, na miguu yangu ikawa haijui pa kusimama. Bibi alitoka amejifunga kanga moja, anatamka shahada. Mama alitoka mbio na Shabani ana povu la sabuni mwili mzima. Ikakoma. Majirani wote walikuwa nje, na kama ilivyo kawaida ya watu wakishaponea, wakaanza kuchekana, fulani katoka na mwiko, fulani kamsahau mume ndani.

Saa mbili baba akafungua redio. Ikapigwa ngoma ya taarifa ya habari, na msomaji akasema kwa ile sauti yao ya zamani, nzito, isiyo na haraka, kwamba tetemeko la ardhi limesikika katika maeneo mengi na kwamba wataalamu bado wanakitafuta kitovu cha tetemeko hilo.

Nilijikojolea, mtoto wa miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la tatu. Mama alidhani ni woga wa mchana akanibadilisha nguo bila kunisema.

Nani angeniambia vingine? Kitovu nilikijua kimoja tu, na kilichokuwa kimeondolewa mahali pake nilikijua kimoja tu, na sasa serikali inakitafuta. Nilijua watakuja. Na kweli, siku mbili baadaye wakaja wanaume wanne na kamba na majembe na sururu, wakashukia kiwanja cha jirani, mmoja wao kavaa kofia ngumu. Nilijificha uvunguni mpaka adhuhuri. Walikuwa mafundi wa msingi, jirani kapata pesa kaanza kujenga, ndivyo mji ulivyokuwa unatanuka. Walipoondoka jioni nikaenda kuangalia. Pale nilipozika palikuwa mtaro, na udongo wake umesombwa umetupwa sijui wapi. Nilichakura kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Sikukiona.

Halafu Shabani akaanza kudhoofu. Alianza kuhara, akapelekwa kliniki, wakampa maji ya chumvi na sukari, akapata nafuu, akahara tena. Ile kadi yake ya uzito, mstari ulikuwa unapanda vizuri, ukalala, ukaanza kushuka. Miguu ikalegea, ngozi ya mapajani ikakunjamana. Mie nilikuwa najua sababu. Mtoto mdogo, nimebeba jambo hilo peke yangu, nikila sishibi, nikilala naota mtaro.

Bibi naye akawa na sababu yake. Alimshika mtoto miguu, akaivuta, akaiachia, akasema huyu amebemendwa. Kwa asiyelijua neno hili na Mungu amwepushe nalo: pwani kwetu mtoto mchanga akinyauka namna ile husemwa kwamba mmoja wa wazazi katoka nje ya ndoa kabla mtoto hajapata nguvu, akamrudia mtoto na uchafu wa huko. Dawa ipo, lakini haifanyi kazi mpaka mhusika ataje aliyekwenda naye. Na ingawa husemwa mzazi yeyote, sijawahi kusikia baba akiitwa kutaja. Mama alikuwa akipeleka vitumbua vyake kwa wapishi wa karibu na kambi ya jeshi kila asubuhi, kwa hiyo watu walikwishapata pa kuanzia.

Wakamkalisha mama sebuleni, asubuhi moja, bibi na wanawake wawili wa ukoo. Mie nilikuwa chumbani, mlango umeegeshwa, nimempakata Shabani na wepesi wake ule.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," bibi akasema. "Taja jina, mwana apewe dawa apone. Hakuna atakayekupiga."

Mama aliivuta kanga akafunika magoti. Halafu akasema, "Sina jina la kutaja, mama. Nitaje la uongo?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kutoka. Hatua nne tu kutoka kitandani hadi sebuleni, na maneno yenyewe yalikuwa machache: si yeye, ni mie, nilikitoa kitovu. Nilikuwa nimeyapanga mdomoni. Lakini ile methali ya bibi niliisikia kama imetumwa kwangu, na nikaona nikitoka watanifungashia siku hiyohiyo, na wale wa kwenye redio watapewa habari. Nikambana Shabani kifuani nikakaa. Mama akaulizwa tena, na tena, na kila mara akajibu vilevile, mpaka sauti yake ikawa haisikiki.

Shabani alikufa mwezi wa tano wa umri wake, saa ya chai. Sanda yake ilikuwa kipande tu. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Baba hakumpiga mama, wala hakumtukana. Alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomfukuza. Matanga yalipokwisha bibi alisema mwanamke aende kwao akapumzike, na haukupita muda talaka ikamfuata huko. Mie nilibakizwa, mtoto ni wa baba. Siku ya kuondoka mama alikuwa na sanduku moja la bati. Alinishika kichwa akaniambia nimsikilize bibi, nisiwe mkaidi. Nilikuwa na ndoo mkononi na sikuitua.

Kila likizo ndefu nilipelekwa Kimbiji. Mama alikaa kwa kaka yake, analima mihogo, anasuka mikeka. Hakuolewa. Neno lilikuwa limevuka pantoni kabla yake, kwa hiyo hata huko kwao, mwanamke akijifungua, wanawake wote huitwa kwenda kumwogesha mtoto na kumkanda mzazi, mama haitwi. Hakuna aliyemwambia usije. Hawakumtumia ujumbe tu. Aliwasikia wakipita na maji ya moto yenye majani, akaendelea kusuka ukili. Nami nilikaa pembeni yake nikiwa najua, miaka inapita, mdomo mzito.

Nikafika kidato cha pili, na mwalimu wetu wa jiografia, kijana aliyependa kuvaa tai hata joto liwe vipi, akafika kwenye mada ya matetemeko. Alichora ubaoni ardhi iliyokatwa kama keki, akaweka nukta chini kabisa na nyingine juu yake, akaitaja kwa Kiingereza, halafu akasema kwa Kiswahili, yaani kitovu. Kitovu cha tetemeko. Nilinyoosha mkono nikauliza kile kitovu ni cha nani. Darasa zima lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Wakaniita Kitovu mpaka namaliza shule. Mwalimu alicheka pia, lakini baadaye akaniita ofisini, akaniambia kuna kitu kimefika mjini kinaitwa intaneti, na humo kuna watu kazi yao ni matetemeko tu, wanaonyesha yote ya dunia nzima na ukiwauliza wanajibu.

Duka la intaneti alilonielekeza lilikuwa ghorofani, mjini, nyuma ya Posta, baridi tupu kwa kiyoyozi, kompyuta sita na kila moja ina kipima saa. Dada aliyekuwa anahudumia aliona nimekishika kipanya kama sabuni, akaja akanifungulia mwenyewe. Ramani ilikuwa inajichora kutoka juu, mstari kwa mstari, Ulaya kwanza, halafu jangwa, halafu nikasubiri sana kabla hatujatokea sisi. Vidoa vilijipanga kwenye maziwa, Tanganyika, Nyasa, kama mtu aliyefuata njia. Hata kimoja hakikuwa Gongo la Mboto. Chini ya ukurasa palikuwa na mahali pa kuandika swali. Dada akanitengenezea anwani ya barua pepe, nami nikaandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili: mpendwa bwana, je, mtu akifukua kitu kilichozikwa na kukihamisha, ardhi inaweza kutetemeka, na je, mtoto mdogo anaweza kuugua kwa hilo? Mtoto mwenyewe ni mdogo wangu na amekwishafariki.

Nilirudi baada ya wiki, jibu lilikuwapo. Aliyejibu alikuwa mwanamke. Alisema chanzo cha tetemeko kiko kilomita nyingi chini, ambako mkono wa mtu haufiki wala jembe halifiki. Alisema hakuna mtu katika nyumba yetu aliyefanya kosa lolote. Mwishoni akaandika kwamba anasikitika kwa ajili ya mdogo wangu. Dada akanichapia kwenye karatasi. Ngazi za lile ghorofa nilizishuka nalia, watu wananipisha, wakidhani nimefiwa.

Jumamosi nikavuka kwenda Kimbiji bila kuaga. Mama alikuwa anamenya mihogo. Nilimwambia yote, mche wa mnazi, kitambaa, mtaro, redio, siku ile nimekaa chumbani na Shabani, na nilipomaliza nikampa karatasi kama cheti, nikamwambia tazama, wazungu wamesema, mie sina kosa. Nilijisikia mwepesi sana. Mama aliendelea kumenya mpaka kipande kile kikaisha.

"Hao watu," akasema, "wanajibu kila kitu?"

Nikamwambia wanajibu ya matetemeko.

"Waulize na langu."

Sikumwelewa mara moja. Alikuwa hanitazami. Akasema niwaulize kama mtoto anakufa kwa kubemendwa, na kama anaweza kufa kwa hilo hata mama yake akiwa hajafanya. Labda alifanya akiwa usingizini, alisema. Labda alimtazama mtu. Miaka yote ile nilidhani mama anajua kwamba hana kosa, na kinachomuumiza ni kusingiziwa tu. Kumbe walimweleza mpaka akaanza kujitafuta.

Nilirudi kwenye lile duka. Nilikaa nusu saa nzima mbele ya kile kisanduku cha swali na kamusi mapajani, na neno kubemenda halikuwamo. Nililizungukia, nikaandika, nikafuta. Halafu nikawaza yule mwanamke wa watu, kazi yake ardhi, atanijibu nini. Muda ukaisha, kioo kikazima.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama kwamba swali lake halikuulizika. Mwezi uliofuata nilikwenda, nikamwambia wamejibu. Wamesema mtoto alikufa kwa kuhara, na kwamba hukufanya kitu. Jibu hilo hakulileta mtu, na kila neno lake ni la kweli. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akauliza kama kuna karatasi. Nilikuwa nayo ile ya kwanza, ya matetemeko, niliyorudi nayo siku ile, imekunjwa ndani ya daftari. Akasema nimsomee kwa Kizungu chao, asikie walivyosema wenyewe.

Nikamsomea. Kilomita, miamba, kina, yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama mtu anayesomewa dua, hajui neno hata moja, na nilipofika mwisho akanyanyua mkono nisimame.

"Hapo wamesema sori?"

"Ndiyo, mama."

"Rudia."

Nikarudia. Akaanza kulia, bila sauti, mkeka ukiwa bado mapajani.

"Tangu siku ile," akasema, "hakuna mtu aliyewahi kuniambia hilo."

Na kweli. Nilikuwa nimevuka maji mara mbili na karatasi inayosema mie sina kosa, na hilo neno moja, sori, mie pia nilikuwa sijamwambia.